Ndege Asiye na Jicho

Mwalimu Ezati alitupa kanuni moja tu kabla hatujatoka darasani: kila shoti iwe na sababu. Video ya dakika tatu, shoti kumi, kuhusu kazi ya mikono. Akikuuliza kwa nini umeweka kamera hapa na si pale, ujibu. Ukishindwa, shoti hiyo inakufa. Niliiandika kanuni hiyo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari langu na kuipigia mstari mara mbili, maana mwongozaji nilikuwa mimi na sikutaka mtu ajifanye amesahau.

Tulikuwa watatu. Acidri ndiye mpiga picha: mpole, mwenye simu nzuri kuliko zetu zote, na kidole kinachobonyeza kurekodi kabla hajaambiwa. Christelle alishika sauti. Mama yake, Odile, ni Mkongo mwenye kibanda cha vitenge na nyuzi katika soko la Arua, na Christelle amerithi utulivu wake wote. Mimi, Pasca, nilishika mdomo. Huo ninao, sikatai, na nyumbani kwetu Ayivu walishanionya tangu nikiwa mdogo kwamba siku moja utanipeleka pabaya.

Kundi moja lilichagua wafyatua matofali. Jingine likamchagua fundi wa baiskeli wa njia ya Kuluva. Mimi nilitaka kitu cha kuwafunga midomo wote, na Christelle ndiye aliyekitaja, bila haraka, huku anakula muhogo.

"Mama yangu anapelekea mama moya uzi kule Koboko, kila Posho," alisema, akimaanisha Jumamosi. "Anashona milaya. Nimeona. Ni muzuri mpaka unaogopa kulala juu yake."

Milaya ni zile shuka za kutandika ambazo wanawake wa Sudan Kusini huzitarizi kwa mkono, maua pembeni kote, uzi juu ya uzi. Mgeni akija hutandikiwa milaya. Bibi harusi hupewa milaya. Hata maiti hufunikwa milaya kabla ya kuagwa. Nilijua hayo kama mtu anavyojua mambo ya jirani, yaani nusu nusu, na nilidhani nusu hiyo inanitosha.

Agnes Keji alitupokea Koboko kwenye chumba kimoja nyuma ya duka la simenti. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na kabla hatujakaa aliufunga mlango. Binti yake, Kiden, wa miaka kumi na mitatu, alituletea maji huku anatukagua viatu.

"Watoto, mimi nakubali kwa sababu ya mama Christelle tu," Agnes alisema. "Lakini sikia vizuri. Sura hapana. Sauti hapana. Jina hapana, na ya mtoto pia hapana. Mikono, basi."

Nikamuuliza kwa nini, kwa ule mdomo wangu.

Alinitazama kidogo, kisha akasema bila kuficha. "Bwana yangu alikufa kule kwetu Yei, Sudan. Ndugu yake, Kamisi, anasema mimi na mtoto iko yake sasa. Mimi nilisema hapana. Halafu alitoa Kiden kwa mzee moja, mtu ya bibi tatu. Kiden huyu. Tulikimbia. Alitafuta sisi Omugo kwenye kambi ya wakimbizi, bloku kwa bloku. Ndiyo tukarudi hapa karibu na mpaka. Mtu ya kutafuta hapana tazama mlango yake mwenyewe."

Kiden alikuwa amesimama nyuma yake, anatukenulia meno yenye mwanya. Nikaapa mbele yao kwamba hakuna mtu atakayejua. Nilimaanisha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilimaanisha.

Tulipanga shoti kumi siku ile ile, tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Ya kwanza, sindano inaingia kwenye kitambaa. Ya pili, uzi unavutwa. Ya tatu, kivuli cha kichwa chake ukutani. Kila moja niliiandikia sababu yake. Kwa shoti ya saba niliandika "mikono na ukuta", halafu nikaacha nafasi, maana ukuta ule ulikuwa mtupu na mbaya, na sikuwa na sababu yoyote ya kuuonyesha.

Jumatatu tulirudi kupiga. Kiden tulimpa kazi ya kushika kibao cha namba, kifuniko cha boksi tulichoandika kwa mkaa, na akaichukua kwa uzito wote wa serikali. "Shoti ya nne!" alitangaza, akakipiga kifuniko kwa kiganja, kisha akajitazama kwenye kioo kilichoning'inia mlangoni na kuangua kicheko. Acidri, na kile kidole chake, alikuwa anarekodi.

"Umepiga mtoto," Agnes alisema. Aliweka sindano chini.

"Nafuta, mama, sasa hivi," nikasema. Nilimnyang'anya Acidri simu.

"Ngoja. Lete nione."

Aliitazama. Sekunde sita: Kiden na kibao chake kifuani, mkaa kwenye pua, mwanya, kicheko. Aliirudisha nyuma akaitazama tena. Alisema hana picha ya mtoto huyu hata moja. Zote zilibaki Yei. Uso wake ulilegea, nikafikiri ataniomba niiache. Kisha alinirudishia simu.

"Futa," alisema.

Nilifuta mbele ya macho yake. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuonyesha, nilifungua pale simu inapoweka vilivyofutwa, nikafuta na huko, nikamwonyesha pametakasika. "Nikiahidi, mama, nimeahidi." Acidri alinung'unika kwamba ilikuwa shoti nzuri kuliko zote za siku ile. Nilimwambia anyamaze.

Tukafika ya saba. Agnes alitoka kwenda kuchota maji. Mimi nilisimama mbele ya ule ukuta nikiuchukia. Palikuwa na kalenda ya parokia yenye jina la Koboko kubwa kama gari, na dirishani unaona tangi la maji ambalo kila mtu wa hapa analijua. Mtu akiona hivyo viwili, ameshafika mlangoni.

"Tunahitaji kitu cha kufunika," nilisema.

"Mama ana ile yake," Kiden akasema. Alifungua sanduku la bati chini ya kitanda akatoa shuka lililokunjwa ndani ya nailoni. Akalikunjua. Hata Christelle, ambaye hashtuki, aliita jina la Yesu.

Yale ya kuuza yalikuwa na maua, kama milaya zote. Hili lilikuwa na ndege wawili, mkubwa na mdogo, wekundu kama pilipili iliyoiva, manyoya yameshonwa moja moja. Nilichukua misumari miwili nikalitundika. Kalenda ikapotea, tangi likapotea. Nikamwambia Kiden akae aweke mikono yake kwenye kitambaa kama anavyoshona mama yake, ndege wale wakiwa nyuma. Acidri akapiga. Mikono ile midogo, ndege wale, mwanga wa dirisha unapita kwenye nguo. Nilijua hapo hapo kwamba tumewashinda wafyatua matofali.

Agnes akaingia na dumu kichwani. Alisimama.

"Toa," alisema.

"Mama, ni kwa ajili ya kuficha nyumba yako, ona, hata kalenda..."

"Toa! Hii hapana. Hii iko ya ndani." Aliling'oa mwenyewe, msumari mmoja ukaruka. "Umepiga?"

"Nitaifuta," nikasema.

Nilidhani ni aibu. Nilidhani shuka la kitandani, kitu cha chumbani, mama mtu mzima hataki wageni walione, na nikamheshimu kama unavyomheshimu mtu mwenye haya ya kizamani. Nani kwetu angefikiria zaidi ya hapo? Shuka ni shuka. Wala sikuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

Sikuifuta. Nilikaa nayo siku mbili nikihariri, na kila nilipoitoa, video yote ililala chini. Mwalimu anataka sababu. Sababu ninayo, nilijiambia, shoti hii inaficha nyumba. Uso haumo, sauti haimo. Niliiacha sekunde nne tu. Christelle aliponiuliza, nilimwambia nimeongea na Agnes kwa simu na amekubali. Uongo huo ulinitoka laini kama mafuta ya ufuta.

Alhamisi tulionyesha darasani. Kwenye shoti ya saba Mwalimu Ezati alisimamisha video. "Hii," alisema, "ina sababu." Darasa likapiga makofi. Jioni chuo kikaiweka kwenye ukurasa wake, watu wakaisambaza, na mimi nikalala nahesabu sifa.

Ijumaa alasiri mlinzi aliniita getini. Mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, kofia mkononi.

"Wewe ndiyo mkubwa ya ile video?"

"Ndiyo mimi, baba."

"Kazi muzuri sana, mwanangu. Kweli. Kwetu kuna harusi. Bibi harusi iko mtoto ya ndugu yangu, na mimi nataka alalie shuka kama ile. Yule mama iko wapi?"

"Hilo siwezi kusema, baba. Tuliahidi."

Hakukasirika hata kidogo. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Siku hizi watoto ya kushika ahadi hakuna." Nikavimba. Aliniuliza habari za masomo, za wazazi, kama muhogo umekubali mwaka huu kule kwetu. Alisikiliza majibu. Kisha, akiwa kama anaaga, akasema, "Basi hata uzi tu. Nyekundu ya namna ile, nimezunguka Arua yote, hakuna. Nani iko nauza?"

"Mama wa rafiki yangu, pale sokoni, upande wa vitenge. Mkongo. Yeye mwenyewe ndiye humpelekea yule fundi." Ndivyo nilivyosema, kwa furaha, nikijua ninamtafutia Mama Odile mteja.

"Kila siku?"

"Jumamosi."

"Asante, mwanangu." Alivaa kofia yake, akaiweka sawa. "Na jicho? Bado hapana shona jicho?"

"Jicho gani, baba?"

"Ya ndege. Mama yake mzazi vilevile hakushona. Wanawake ya nyumba ile wanasema, ndege ikipata jicho itaona njia, itaenda." Alicheka kidogo. "Ndugu yangu tulimfunika na moja kama ile. Mimi mwenyewe nilishika pembe."

Alivuka barabara akaingia kwenye gari jeupe lililokuwa na watu wengine ndani. Nilisimama pale getini jua linaniwakia, nikatoa simu, nikaitafuta shoti ya saba. Ndege wawili. Manyoya, midomo, kucha, kila kitu kimo. Macho hayakuwepo. Siku mbili nilihariri sekunde zile nne na sikuwahi kuona.

Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii nguo yenyewe niliitundika mimi.

Sasa nitasema nilichofanya, maana hiki ndicho watu huniuliza. Nilikimbia kwa mhudumu wa ukurasa wa chuo nikamwomba aiondoe video, akaiondoa. Halafu nilikaa. Namba ya Agnes sikuwa nayo, anayo Odile. Ili kuipata ilibidi nimwambie Christelle kwamba nilimdanganya, na Christelle amwambie mama yake, na mama yake amwambie Agnes. Nilijiambia yule mtu hajui mji. Nilijiambia sijataja Koboko. Neno uzi lilinipitia kichwani mara nyingi nikalifukuza. Usiku ukapita hivyo, na asubuhi ya Jumamosi nikafua nguo zangu zote, hata zilizokuwa safi.

Saa tano nguo ziliniishia, nikaenda sokoni. Nilimkuta Christelle kibandani, amekaa peke yake kwenye kiti cha mama yake.

"Mama yuko wapi?"

"Unajua leo ni Posho. Ameondoka saa mbili."

Nikamwambia yote, nimesimama, watu wananunua vitenge pembeni yetu. Hakunipigia kelele. Alipiga simu na kuiweka ili nisikie.

"Mama, uko kwa Mama Kiden?"

"Nimeshamupa uzi, niko stendi," sauti ya Odile ilisema. "Sababu?"

"Kuna mutu alikufuata?"

"Kulikuwa gari jeupe. Tangu Arua liko nyuma yetu. Tukisimama, linasimama. Nilifikiri ni watu wa kwenda mpakani." Kisha sauti ikabadilika. "Christelle. Liliingia kwenye ile barabara ya duka la simenti."

"Rudi kwake, mama! Kimbia!"

Christelle alimpigia Acidri, akatukuta stendi na tukaondoka. Sikumbuki njia. Nakumbuka Christelle alikaa kiti cha mbele ili asikae nami.

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa nyuma ya duka la simenti. Odile alikuwa amekaa chini, kitenge kimemfunguka, anajipiga mapaja. Mwenye duka, Nasur, kijana mnene, alikuwa anaeleza kwa mara ya kumi: wanaume watatu, mmoja amevaa kofia, waliingia kwa adabu, wakasalimia. Agnes alikuwa uani anaanika. Majirani waliposikia kelele, mtoto alishakuwa ndani ya gari. Walielekea Oraba, mpakani. Nasur alikimbiza kwa pikipiki mpaka mafuta yakaisha.

"Polisi?" Acidri aliuliza.

"Nimetoka huko na Mama Kiden," Nasur alisema. "Watu wazuri, wamepiga simu mpakani. Lakini mpakani wanauliza, mtoto anafananaje? Watoto wengi wanapita na wajomba. Afande alisema leteni picha, tutume kwa simu sasa hivi, kila kizuizi waone."

Simu ya Acidri ilikuwa mkononi mwake. Ndani yake mlikuwa na dakika arobaini za kazi yetu, na dakika zote arobaini zilikuwa mikono. Alianza kupekua hata hivyo, haraka haraka: sindano, uzi, kivuli, mkono wa Kiden, mkono wa Kiden, mkono wa Kiden.

Agnes alikuwa ndani, amekaa kwenye kitanda. Sanduku lilikuwa wazi. Shuka la ndege halikuwepo. Walilichukua pamoja na Kiden, kwa ajili ya harusi. Niliingia nikapiga magoti kwenye sakafu, nikaanza kusema, mama nisamehe, mama mimi ndiye, shoti ya saba, sikuifuta, nilikudanganya.

"Najua," alisema. "Mimi nilikimbia kutoka uani, Kamisi alisema pale mlangoni. Alisema mtoto ya chuo iko na heshima sana."

Kisha akateremka kutoka kitandani. Alikaa nami chini, akashika mikono yangu yote miwili, akaikaza. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Ningeipokea hasira. Palikuwa na kitu kama tumaini, na kilinitisha kuliko yote niliyoyaona siku ile.

"Wewe ni mtu ya kudanganya," aliniambia taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa. "Ulidanganya mimi kwa shuka. Si ndiyo? Basi ile ya Kiden anacheka, na namba, pale kwenye kioo. Ulinionyesha umefuta. Sema ulidanganya na hiyo, mwanangu. Mimi hapana kasirika. Sema tu ulidanganya."

Nilifungua mdomo. Nje Odile alikuwa anaita jina la Kiden, na simu ya Nasur ilikuwa inalia, afande anaulizia picha. Agnes alinikaza mikono zaidi, anangoja.

Katika yote niliyomwahidi mwanamke yule, hilo moja la kufuta nililitimiza.